Bi Hilkka Aombwa Abaki Nyumbani

Kituo cha mafuta cha Haukiniva kina benchi moja la mbao, limeegemea ukuta wa upande wa jua, na ng'ambo ya barabara limekaa jumba la barafu la kuchezea hoki, la mabati matupu, kama kopo la samaki lililopinduliwa. Benchini wanakaa watu walewale kila siku kuanzia saa nane mchana. Mwenye kituo anawawekea birika la kahawa dirishani: kikombe cha kwanza unalipia, cha pili ni zawadi, na kuanzia cha tatu hakuna anayeuliza. Kazi yao ni moja tu, kuichambua timu ya hoki ya mji wao, Hauki, iliyopewa jina la yule samaki mrefu mwenye meno mengi, ingawa msimu huu hayo meno yalionekana kwenye jezi tu. Jumamosi hiyo ya Machi ilikuwa ya mechi ya mwisho, nyumbani, dhidi ya Tervasalmi, na hesabu yake hata mtu asiyemaliza shule aliiweza: Hauki wakimaliza dakika sitini bila kufungwa, hata kwa sare, wanaokota pointi moja na kubaki ligi kuu. Wakifungwa wanashuka, na mwakani watacheza na vijiji vyenye ng'ombe wengi kuliko watu. Mpira ulikuwa saa kumi na moja. Saa tisa Bi Hilkka akatokea kwenye kona, amesimama nyuma ya kiti chake cha kutelezea thelujini, juu ya vyuma vyake viwili virefu, anasukuma kwa mguu mmoja, ule mzima.

Wanaume watatu walikuwa wamekaa, na wote walikuwa kimya. Hilo peke yake lilimtisha.

— Kaa hapa, Hilkka, akasema Taisto, akasogea.

Taisto alikuwa hajawahi kumsogelea mtu nafasi tangu benchi lipigwe misumari. Hilkka akabaki amesimama.

— Nani kafa?

— Hakuna aliyekufa, mama.

— Basi mbona mmejikunyata kama mnasubiri daktari wa meno? Kyösti nakushangaa zaidi. Wewe una nini cha kumpelekea?

Kyösti akacheka, na jino lake likaonekana. Alicheza hoki ya kulipwa msimu mmoja, humohumo Hauki, miaka hamsini iliyopita, akatoka na jino moja la mbele na hadithi mia mbili, na tangu hapo mji mzima unamwita Jino. Wa pili alikuwa Urpo, Mzee Barafu, aliyeendesha mashine ya kulainisha barafu ndani ya lile jumba kwa miaka ishirini na sita na bado anatembea polepole, anapinda kona kwa duara kubwa. Wa tatu ndiye huyo Taisto, Katibu, mwenye daftari la jalada jeusi. Hakuna kitu kilichotokea kwa Hauki ambacho hakimo mle: nani kafunga, nani katolewa, nani kapiga chafya.

Na daftari lilikuwa wazi magotini.

— Tumefanya kikao, Hilkka, akasema Taisto.

— Kikao cha nani?

— Cha benchi.

— Benchi lina watu wanne. Mkikaa watatu mkamzungumza wa nne, huo si kikao, huo ni umbea. Nipe kahawa.

Urpo akamimina, akampa, na mkate mtamu wa iliki juu yake. Mkate mzima. Hapo Hilkka akajua jambo ni zito.

— Nisikilize bila kunikatiza, akasema Taisto.

— Siahidi.

— Mechi za nyumbani msimu huu, ukitoa ya leo, ni ishirini na tisa. Ulizokuwepo wewe, ishirini na tatu. Katika hizo tumeshinda ngapi?

— Nne.

— Nne! Ulizokosa, zile sita za Januari ulipopasuliwa goti. Tumeshinda ngapi?

Hilkka akanywa kahawa. Jibu alilijua. Alikuwa amelala sebuleni kwake mguu umepandishwa juu ya mito, redio iko sikioni, na kila goli lilipoingia alifurahi na kununa kwa pamoja.

— Tano, akasema.

— Tano! akasema Urpo, kama vile alizihesabu yeye.

— Kwa hiyo?

Wanaume wakatazamana. Taisto akakohoa.

— Kwa hiyo tunakuomba, kwa heshima zote, leo ubaki nyumbani.

Basi. Limesemwa. Hilkka akaangalia ng'ambo ya barabara, ambako walinzi walikuwa wanamwaga changarawe mlangoni watu wasianguke. Mfukoni mwake ilikuwamo kadi ya msimu, ya kwanza maishani mwake. Si kwamba alikuwa mgeni wa lile jumba. Miaka thelathini na mmoja ameuza soseji mle ndani, kwenye kibanda cha chini ya jukwaa la kaskazini, mgongo kwa barafu na uso kwa foleni. Magoli aliyajua kwa masikio na kwa vumbi: Hauki wakifunga, watu wanaruka juu, na vumbi la dari linadondokea ndani ya haradali. Wageni wakifunga, haradali inabaki safi. Miaka thelathini na mmoja, na goli moja kwa macho yake hajaliona. Mapumziko yakifika ndipo wanamjia wote kwa pamoja, wanasimuliana juu ya kichwa chake, huku yeye anauliza, na vitunguu uweke? Majira ya kuchipua mwaka jana akavua aproni, akaenda moja kwa moja kukata kadi. Hakumwambia mtu sababu. Watu wa Haukiniva hawaambiani sababu.

— Mmelewa, akasema.

— Hatujanywa ila kahawa.

— Basi mwenye kituo katia kitu. Mimi nina goti bovu, sina uchawi.

— Hakuna aliyetaja uchawi, akasema Taisto. Hizi ni takwimu. Hebu tupitie msimu taratibu, tangu Septemba.

— Septemba tulishinda mechi ya kwanza na mimi nilikuwepo! Wewe mwenyewe ulimkumbatia mtu usiyemjua.

— Ndiyo. Na wiki mbili zilizofuata?

— Tulifungwa.

— Oktoba?

— Tulifungwa. Lakini Oktoba kipa mpya ndiyo kwanza katoka Slovakia, begi lake la magongo limepotelea njiani, anacheza na vifaa vya kuazima!

— Novemba?

— Novemba tulimfukuza kocha.

— Tukamleta nani?

— Yule tuliyemfukuza miaka mitatu iliyopita.

— Akakuta kikombe chake cha kahawa bado kiko kabatini, akasema Kyösti. Hakikuoshwa.

— Na tukaendelea kufungwa, akasema Taisto. Kocha mwingine, kipa mwingine, hata wimbo wa kuingilia tulibadilisha. Kitu kimoja tu hakikubadilika. Wewe, pale nyuma ya goli la kaskazini, umeshika chuma cha jukwaa.

— Na wewe je? Huwi pembeni yangu?

— Mimi nipo tangu zamani. Nilikuwepo tukishinda, nilikuwepo tukifungwa. Mimi sihesabiki.

— Hilo ndilo la kwanza la kweli ulilosema leo.

Urpo akacheka mpaka kahawa ikammwagikia kwenye glovu. Kyösti naye akaona zamu yake imefika, akajiweka sawa.

— Mimi sina neno na hesabu za Katibu. Mimi nilicheza, nazungumza kama mchezaji. Tatizo ni sauti yako, Hilkka.

— Sauti yangu imefanya nini?

— Unamfokea kipa. "Bana miguu wewe! Unalala?" Si ndiyo?

— Si analala?

— Sasa Krismasi mama yake alikuja kutoka kwao. Nilisimama naye foleni ya kahawa. Hilkka, yule mama ana sauti yako hasa hasa, kama msumeno umekutana na msumari. Wewe ukifoka, mtoto wa watu anadhani mama kaja kumkagua. Miguu inaachana yenyewe.

— Kipa hajui neno hata moja la lugha yetu.

— Kufokewa na mama kunahitaji kamusi?

— Acha kamba, Jino. Magoli yanayomwingia yanapita juu ya bega la kushoto. Miguu haihusiki.

Kyösti akatafakari. Lilikuwa jibu la mtu anayeujua mpira, na halikumpendeza.

— Basi ni harufu, akasema.

— Harufu!

— Miaka thelathini na mmoja unakaanga soseji. Imeingia kwenye ngozi, kwenye nywele, kwenye koti hilo. Mimi nikikaa karibu na wewe hapa benchini nasikia njaa, sasa hivi nasikia njaa. Wachezaji wanakula saa sita mchana, tambi, halafu basi. Kipindi cha pili wanahamia goli la kaskazini, feni inapuliza harufu yako kutoka jukwaani, na tumbo linawaambia, jamani, soseji. Mchezaji mwenye njaa hakimbilii kisahani. Anakimbilia mapumziko.

Kisahani ndicho kile kidude cheusi cha mpira wanachokigombania kwa magongo, na mtu mmoja wa hapo karibu aliwahi kupoteza meno yake kwacho. Hilkka akanusa mkono wa koti lake kabla hajajizuia.

— Na hao wageni? Wao hawana pua?

— Wageni wamekula kwenye basi.

— Hapo Jino umenena, akasema Urpo. Lakini bado mko juu juu. Mnazungumza watu. Mimi nazungumza barafu.

Wote wakageuka. Mzee Barafu akizungumza barafu ni lazima umpe nafasi, maana hataacha hata usipompa.

— Mnakumbuka mwaka ule ufa ulipotokea katikati ya uwanja, mechi ikaahirishwa? Mimi nilichunguza. Nilipiga magoti nikaufuata ule ufa kwa mkono mpaka ukutani, mpaka nyuma ya ukuta. Ukaishia wapi? Mlango wa nyuma wa kibanda cha soseji. Huyu mama alikuwa anamwaga maji ya moto ya sufuria pale nje, kila mechi, yakapita chini ya msingi.

— Maji ya sufuria moja, Urpo.

— Ya miaka mingi! Barafu ile naijua, nimeilaza na kuiamsha miaka ishirini na sita. Haisahau. Ikikuhisi umesimama pale, inajikaza. Inakuwa na vipele. Kisahani cha wetu kinaruka, cha wageni kinateleza.

— Ni barafu ileile, wee mzee! Itajuaje gongo la nani?

— Inawajua kwa uzito. Wetu ni wazito. Ni hizo soseji zako.

Wakacheka wote wanne, na Hilkka alicheka kuliko wote, akajifuta macho kwa skafu. Kicheko kilipoisha daftari lilikuwa bado wazi.

— Lakini zile za Januari, akasema Taisto kwa sauti ya chini, hatukuzitunga. Tulishinda.

— Tena kwa raha zake, akasema Kyösti. Ile ya tarehe kumi na nne! Sekunde ishirini zimebaki, kisahani kinapenya katikati ya msitu wa miguu, na jumba zima linainuka kama mtu mmoja!

— Kama mtu mmoja, akasema Urpo. Nilikuambia kwenye simu, Taisto.

— Uliniambia.

Hilkka akakunja uso. Maneno hayo ya msitu wa miguu alikuwa ameyasikia mahali. Ila hakuwa na nafasi ya kuyafuatilia, kwa sababu Taisto alikuwa amenyoosha mkono, kiganja juu.

— Nipe kadi, mama. Nitakurudishia kesho asubuhi. Ikikaa kwako utashawishika.

— Tumepiga kura, akasema Urpo, akiangalia viatu vyake. Watatu kwa mmoja.

— Huyo mmoja nani?

— Wewe. Tulikuhesabia.

Hilkka akatoa kadi. Akaishika kwa vidole viwili. Kuwakatalia ilikuwa kazi nyepesi, angewapasha mmoja mmoja wakarudi nyumbani wameinama. Kilichomkwama ni kingine. Usiku wa Februari, aliporudi jukwaani kwa mara ya kwanza na gongo la hospitali, Hauki walifungwa sita bila, na njiani kurudi alijiuliza mwenyewe, kimoyomoyo, kama ni yeye. Hakuwa mtu wa kuamini upuuzi. Lakini leo akienda na timu ikashuka, mji wote utasema, na yeye mwenyewe atasema. Na akibaki nyumbani, timu ikabaki ligi kuu bila yeye, basi atakuwa amekaa tena mgongo kwa barafu, safari hii hata soseji hakuna.

Mkono ukaanza kwenda kuelekea kiganja cha Taisto.

Basi kubwa likaingia kituoni kwa kishindo, likasimama pembeni ya pampu. Lilijaa watu wa skafu nyekundu wanaopiga ngoma vioo vikitetemeka: mashabiki wa Tervasalmi. Wakateremka, wakavuka barabara kwa makelele, na nyuma yao akateremka dereva, mwanamke mnene wa kama miaka hamsini, kofia ya manyoya, akanyoosha mgongo na kuja moja kwa moja kwenye birika.

— Hamjambo. Mnaruhusu? Saa nne nzima niko njiani na zile ngoma. Naitwa Saimi. Mimi sina timu, mimi naendesha tu.

— Karibu, akasema Hilkka. Jimiminie. Keti, hawa wamesogea leo.

Saimi akaketi pale alipoachiwa nafasi Hilkka, akazungusha sukari, akaona kadi katikati ya mikono miwili.

— Anauza?

— Anaacha, akasema Taisto. Kwa manufaa ya timu.

Wakamweleza. Kila mmoja akaeleza lake, sauti, harufu, ufa, wote kwa wakati mmoja, na Taisto akafunika kwa hesabu: ishirini na tatu, nne, sita, tano. Saimi alisikiliza vizuri, kama mtu anayeelekezwa njia ya mji asioujua.

— Nimeelewa, akasema. Mama akiwepo mnafungwa. Asipokuwepo mnashinda.

— Ndiyo hivyo.

— Na hizo sita alizokosa yeye, nani kati yenu alikuwepo?

— Sisi wote, akasema Taisto. Yaani, wao. Mimi Januari nzima huwa nampeleka mke wangu visiwani, Kanari, kupata jua. Lakini Urpo alikuwa ananipa kila kitu kwa simu. Nimeandika neno kwa neno.

Saimi akamgeukia Urpo.

— Kwa hiyo wewe uliziona.

Urpo akaangalia birika.

— Niliziona kwa maana ya… Mnakumbuka baridi ya Januari? Nyuzi thelathini na tatu chini ya sifuri. Mimi nilikuwa nimewasha sauna. Huwezi kuacha sauna iliyowashwa. Lakini Kyösti alikuwa ananisimulia asubuhi yake.

— Mechi zote sita sauna ilikuwa inawaka? akauliza Hilkka.

— Ilikuwa baridi ndefu.

Sasa wote wakamgeukia Kyösti, naye akawa anamgeukia mtu ambaye hakuwepo.

— Jino.

— Gari liligoma kuwaka.

— Jino!

— Nilisikiliza redioni! Ningesemaje? Mzee Barafu ananipigia simu asubuhi anauliza, vipi jana, ulikuwa pale? Mchezaji wa zamani wa Hauki aseme alikuwa kitandani na soksi mbili? Nikamwambia nilikuwepo, jumba zima liliinuka kama mtu mmoja.

— Msitu wa miguu, akasema Hilkka. Nilijua! Ni yule mtangazaji, anasema hivyo kila wiki. Nilimsikia na mimi, nimelala na mito yangu.

Kwenye jumba la barafu muziki ulikuwa umeanza.

— Kwa hiyo, akasema Hilkka, akairudisha kadi mfukoni polepole, akafunga na kifungo. Hebu nisomee tena hizo takwimu, Katibu. Timu inashinda wakati gani?

Taisto alipekua ukurasa mbele, akapekua nyuma. Jasho lilikuwa limemtoka chini ya kofia, katika baridi ile.

— Wakati… hakuna hata mmoja wetu ndani.

— Soma kwa sauti, Kyösti hasikii vizuri.

— Wakati hakuna hata mmoja wetu ndani!

Saimi akamaliza kahawa yake. Hakuwa anacheka. Alikuwa anataka kuelewa tu.

— Sasa leo mnabaki wote wanne?

Urpo aliinua birika kujipa kazi ya kufanya, akainamisha, likatoa tone moja na pumzi. Kyösti alichunguza barabara. Taisto alifungua mdomo, akaufunga, akakuna sikio kwa kalamu. Ungewauliza kama wako tayari kukatwa mguu wangejibu upesi zaidi.

— Mimi naweza kubaki, akasema Taisto mwishowe, kama Urpo naye anabaki.

— Mimi nitabaki Jino akibaki.

— Mimi? Mimi niliichezea!

— Basi tupige kura, akasema Hilkka. Anayebaki anyooshe mkono.

Mikono yote ilikuwa mifukoni, nayo ikazidi kuzama. Kumbe walikuwa wanatafuta kadi zao. Hilkka alikanyaga kile kiti chake cha kutelezea, akasukuma mara moja, akavuka barabara bila kuangalia nyuma. Hakuhitaji. Nyuma yake changarawe ilikuwa inalia chini ya miguu ya wazee watatu wanaokimbizana bila kutaka kuonekana wanakimbia.

Mechi yenyewe haikuwa ya kusimulia kwa mtu mwenye moyo dhaifu. Wanne wale walisimama mahali pao, nyuma ya goli la kaskazini, wanaume ngazi moja chini, Hilkka nyuma yao ameshika chuma. Kipindi cha kwanza kati ya vitatu hakuna kitu. Cha pili, Tervasalmi wakafunga moja, juu ya bega la kushoto, na Hilkka akasema, nilisema, lakini kwa sauti ya ndani kwa ndani, kipa asije akadhani mama yake kaja. Cha tatu Hauki walishambulia goli la kaskazini, karibu yao kabisa, wakapiga chuma, wakapiga kioo, wakapiga kila kitu isipokuwa wavu. Dakika ikabaki moja. Kocha akamtoa kipa ili aingize mshambuliaji wa sita, goli la huko mbali likabaki tupu, kama nyumba ya mlango wazi na wenyewe wako shambani.

Na sekunde arobaini zimebaki, mmoja wa Tervasalmi akakinasa kisahani, akakipiga kutoka kwao, kirefu, kikateleza barafu nzima kuelekea lile goli tupu. Hakuna wa kukizuia. Watu elfu tatu wakavuta pumzi.

Taisto hakuweza kutazama. Akageuka, mgongo kwa barafu. Urpo akageuka, akajivuta kofia usoni. Kyösti akageuka. Na wote watatu, kwa kuwa walikuwa wamegeuka, wakajikuta wanatazamana na Hilkka.

— Nilikuambia! akafoka Taisto. Nilikuomba kwa heshima!

— Hilo koti, akasema Kyösti, angalau ungevua hilo koti!

— Inajikaza! Mimi naihisi kwa miguu, inajikaza! akalia Urpo.

Hilkka hakuwasikia. Alikuwa anaangalia juu ya mabega yao. Kisahani kiligonga chuma cha goli, ting, kikarudi uwanjani. Kijana mmoja wa Hauki akakiokota kule mbali, akaanza kuja. Alimpita wa kwanza. Alimpita wa pili kwa kujipinda.

— Nyamazeni, akasema Hilkka.

— Hatunyamazi! Miaka arobaini naandika daftari hili…

— Geukeni, wapumbavu nyinyi!

— Usitugeuzie maneno!

Kijana akafika mbele ya goli la kaskazini, mita tano kutoka puani mwa Hilkka, akapiga, kipa wa Tervasalmi akakitema, kikadunda, kikapigwa tena na mkono ambao Hilkka aliuona mpaka mishono ya glovu, na wavu ukatuna. Alikiona kikiingia. Alikiona kikikaa mle ndani, cheusi, kidogo, kimetulia.

Jumba likalipuka. Taisto alisukumwa kifuani na mtu asiyemjua, akakumbatiwa, kofia ya Urpo ikaruka. Wakageuka wote watatu kwa pamoja, wamechelewa, wakakuta rundo la jezi za bluu juu ya barafu na saa imesimama kwenye sekunde kumi na moja. Sare ya moja kwa moja. Pointi ndiyo hiyo. Wamebaki.

— Nani? akapiga kelele Taisto, analia, daftari mkononi. Nani kafunga? Jino, nani?

— Sijaona! Mzee Barafu!

— Nilikuwa na kofia usoni! Hilkka! Hilkka, nani kafunga? Kapitia wapi? Imekuwaje?

Hilkka hakuwaangalia. Macho yake yalikuwa bado pale wavuni.

— Niulizeni kwa adabu, akasema.